Mahindi ya Uani: Historia ya Zao na Maneno Yake katika Nyakato ya Mwanza

Katika mtaa wa Nyakato, ulio mashariki ya mji wa Mwanza kando ya barabara iendayo Musoma, nyumba na viwanda vimesongamana, na ardhi iliyobaki wazi ni kidogo. Hata hivyo mvua za vuli zianzapo, baina ya ukuta na ukuta huchomoza mihindi. Hupandwa nyuma ya jiko, kando ya choo, ukingoni mwa mfereji, na pengine katika kiwanja ambacho mwenyewe hajapata fedha za kujengea. (Nyakato hii isichanganywe na Nyakato iliyo karibu na Bukoba, ambayo wasomi wa zamani waliijua kwa shule yake.) Mihindi hiyo ya uani haipandwi kwa ajili ya ghala. Hupandwa iliwe mibichi, kwa kuchomwa juu ya mkaa au kuchemshwa katika sufuria, kabla punje hazijawa ngumu.

Desturi hii yaonekana kuwa jambo dogo, wala haikuandikwa sana na wanahistoria, ambao hupendelea kueleza habari za pamba na ng'ombe wanapoandika juu ya Usukuma. Lakini mwenye kuifuata nyuma hukuta kwamba ndiyo sura ya kwanza ya zao hili katika sehemu nyingi za Afrika. Mahindi yaliingia kwanza kama mboga ya kiungani, yakaliwa mabichi katika majuma yale ya njaa kabla ya mtama kuiva, na baadaye sana ndipo yakatoka kiungani kwenda shambani na kuwa nafaka ya unga. Shamba la mahindi ni mtoto wa bustani. Watu wa Nyakato, kwa kubanwa na mji, wamelirudisha zao mahali lilipoanzia.

Yafaa kuanza na jina. Muhindi, mmea wenyewe, umo katika ngeli ya m-/mi-, pamoja na miti na mimea mingine. Hindi, tunda lake, limo katika ngeli ya ji-/ma-, pamoja na embe na chungwa. Shina hilohilo likitiwa katika ngeli ya watu ni Mhindi na Wahindi, likitiwa katika ngeli ya lugha ni Kihindi, na katika nchi ni Uhindi. Kwa hiyo mtu wa kale wa pwani alipoutaja mmea huu alisema waziwazi ya kwamba ni kitu cha Bara Hindi. Naye alikosea. Nasaba ya mahindi imechunguzwa sana, na leo hakuna shaka kwamba yalitokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte, ambayo wenyeji wa kusini-magharibi ya Meksiko, katika bonde la mto Balsas, walianza kuilima yapata miaka 9,000 iliyopita. Watu wa Ulaya hawakuyajua mpaka safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Kosa la mtu wa pwani, hata hivyo, ni la ulimwengu mzima. Waturuki huyaita mahindi kwa jina la Misri. Wataliani huyaita nafaka ya Kituruki, na Wafaransa na Wajerumani wa zamani walisema ngano ya Kituruki. Wamisri wenyewe, ambao Waturuki wanawasingizia, wanasema ni mtama wa Shamu. Nchini Malawi huitwa chimanga, yaani kitu cha Manga, na Manga ni jina lilelile ambalo Waswahili huitumia nchi ya Waarabu, nalo limo pia katika pilipili manga na komamanga. Hivyo mtu wa pwani alielekeza kidole Bara Hindi, na mtu wa Ziwa Nyasa akaelekeza kidole pwani. Kila mmoja alimtaja jirani aliyempa mbegu, au aliyemdhania kuwa mwenye mbegu, na hakuna aliyejua mlango wa kwanza. Jina la zao, basi, ni ushahidi mbaya wa asili yake, lakini ni ushahidi mwema wa njia lililopitia mwisho.

Hapo lipo jambo la kushangaza kidogo. Wareno walikaa pwani ya Afrika ya Mashariki tangu mwanzo wa karne ya 16, nao ndio wanaodhaniwa kuyaleta mahindi upande huu wa dunia. Waliacha maneno kadha wa kadha katika Kiswahili, mathalan meza, leso, mvinyo, gereza, na hata mpera, ambao ni mti uliotoka Amerika kama muhindi. Mbona basi mpera ukapata jina la Kireno na muhindi usipate? Yamkini mbegu iliwafikia wenyeji wengi kwa mikono ya wafanya biashara wa bahari, watu wa Gujarati na Waarabu, pamoja na nguo na shanga, si kwa mkono wa Mreno mwenyewe. Yamkini tena watu wa pwani walizoea kukiita cha Hindi kila kitu kizuri kilichovuka bahari. Maelezo haya mawili hayapingani, na huenda la pili lilisaidiwa na la kwanza.

Kando ya Ziwa Viktoria mambo ni tofauti. Waganda husema kasooli, Wajaluo wana oduma na bando, na Wanyarwanda, walio magharibi zaidi, husema ikigori. Maneno haya hayafanani na hindi wala hayafanani yenyewe kwa yenyewe. Lugha zilizopata kitu kwa wakati mmoja na kwa mtu mmoja hupata na jina moja, kama ilivyokuwa kwa sabuni na sukari. Majina yanapotengana hivi, hapana budi kufikiri kwamba mmea ulifika nchi za ziwa kwa njia zaidi ya moja, na kwamba baadhi ya njia hizo zilitangulia misafara ya Waswahili ya karne ya 19. Neno mahindi lilikuja nyuma ya mmea, pamoja na lugha ya biashara, kisha ya serikali na shule.

Speke alipofika ncha ya kusini ya ziwa, pande za Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa amepita katika nchi ambayo nguzo ya chakula chake ilikuwa mtama na uwele. Ugali, ambao Msukuma huuita bugali, ulikuwa wa nafaka hizo. Mtama, kwa Kisukuma busiga, ulikuwa na adabu zake: ulistahimili ukame, na pombe ilitokana nao. Mahindi hayakuwa na heshima hiyo. Yalikuwa kitu cha kutafuna.

Kilichoyapandisha cheo ni kazi ya mshahara. Neno posho lina historia iliyo wazi katika jambo hili. Hapo awali posho ilikuwa chakula cha siku kilichopimwa kwa mpagazi wa msafara, na Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa miongoni mwa wapagazi mashuhuri wa njia ya kwenda pwani. Wakati wa utawala wa wageni posho ikawa kipimo cha unga apewacho kibarua wa reli, wa mgodi au wa shamba la mkonge, na unga huo ulizidi kuwa wa mahindi kwa sababu ni rahisi kununua kwa wingi, kusafirisha kwa magunia na kusaga kwa mashine. Reli ya Uganda ilifika ziwani mwaka 1901, mahali panapoitwa leo Kisumu, na reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mtu aliyekula mtama nyumbani alikula mahindi kazini, na aliporudi alirudi na mazoea. Kutoka hapo neno limekwenda njia mbili. Nchini Uganda, na kwa sehemu nchini Kenya, posho ni unga wa mahindi au ugali wenyewe. Nchini Tanzania limepanda ngazi likawa fedha wanazolipwa watumishi kwa safari na vikao, na yule anayelalamikia posho yake leo hafikirii tena kibaba cha unga.

Sababu nyingine ilitoka angani. Mtama na uwele huacha punje zake wazi, na ndege waitwao kwelea kwelea hushuka kwa makundi na kuzimaliza. Hindi limefungwa ndani ya maganda. Zamani watoto walishinda shambani kuwafukuza ndege. Mwaka 1974 chama cha TANU kiliazimia, katika mkutano wake wa Musoma, kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na mnamo 1977 mpango huo ulitekelezwa nchini kote. Watoto wakaenda darasani, na ndege wakabaki shambani. Wasemao kwamba Wasukuma waliuacha mtama kwa kupenda weupe wa sembe husema kweli kwa sehemu, lakini yafaa wahesabu pia saa za mtoto.

Ardhi nayo ina neno lake. Msukuma hupanga udongo tangu kichwa cha mlima wa mawe hata bondeni kwa majina mahsusi: luseni ni mchanga mwepesi wa juu, itogolo ni udongo wa mteremko wa chini unaogandamana ukikauka, na mbuga ni ule mweusi ushikao maji. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, alipotoa mwaka 1935 fundisho lake la mfuatano wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni, alitumia neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na fundisho hilo likaenea duniani. Mkulima wa Usukuma alikuwa na mnyororo huo kinywani mwake. Sasa, muhindi ni mlaji mkubwa, na luseni iliyochoka haiwezi kuulisha. Tena shamba lililolimwa nafaka kwa miaka mingi bila kupumzika hushikwa na kiduha, gugu la maua mazuri linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi chini ya ardhi. Pahali palipouridhisha muhindi bila taabu palikuwa karibu na nyumba, penye samadi ya zizi, majivu ya jiko na takataka za kila siku. Hii ndiyo sababu ya udongo iliyoufanya uwe mmea wa uani tangu zamani, na sababu hiyo haikubadilika kwa kuja mji. Nyakato haina zizi nyumba kwa nyumba, lakini ina majivu, maganda ya ndizi na maji ya kuoshea vyombo.

Katika bustani ya namna hiyo kuna elimu ambayo haionekani upesi. Mwenye hatua chache za ardhi hushawishika kupanda mstari mmoja kando ya ukuta, apate nafasi ya kupita. Akivuna hukuta mahindi yenye mapengo, punje tatu hapa na mbili pale, naye hulaumu mbegu. Kosa si la mbegu. Muhindi huzaana kwa upepo. Mbelewele zilizo kileleni hutoa vumbi la kiume, nalo huangukia zile nyuzi zitokazo kwenye ncha ya hindi, ambazo Waswahili huziita ndevu. Kila udevu umeungana na punje moja, na udevu usiopata vumbi hauzai. Upepo ukivuma kukata mstari mmoja, vumbi lote huenda kwa jirani. Kwa hiyo wazoefu hupanda mraba, mistari mitatu au minne mifupi iliyo pamoja, hata kama jumla ya mashina ni 20 tu. Jina la ndevu, ingawa ni la mzaha, limeshika umri wa hindi kwa usahihi: zikiwa nyeupe na laini hindi ni changa mno, na zikigeuka kahawia na kukauka ncha, huku punje ikibonyezwa kwa ukucha hutoa maziwa, ndipo wakati wa kuchuma.

Wakati huo ni mfupi. Sukari iliyomo katika punje changa huanza kugeuka wanga mara hindi likatwapo, na katika joto la Mwanza saa chache hutosha kuharibu utamu. Hindi lililofika sokoni kwa lori, likalala usiku mmoja kaskazini au kusini ya ziwa, haliwezi kushindana na lile lililotoka uani likaingia motoni. Hapa bustani ndogo hulishinda shamba kubwa.

Wamarekani walitatua jambo hilo kwa njia yao. Wana mahindi ya aina nyingine, yenye badiliko katika urithi linalozuia sukari isigeuke wanga upesi, na mbegu zake huuzwa siku hizi hata Afrika ya Mashariki kwa jina la mahindi matamu. Hayakuenea katika nyua za Nyakato, na sababu yake yaonekana katika punje kavu. Punje ya hindi tamu ikikauka hukunjamana kama zabibu, wala haifai kwa ugali. Mwenye kupanda mahindi ya kawaida ana uhuru wa kuahirisha shauri lake mpaka mwisho: mwezi ukiwa mwema atayachoma na watoto, na ukiwa mbaya atayaacha yakauke, ayapukuchue, apeleke mashineni. Mahindi matamu hayampi uhuru huo. Si kwamba watu hawapendi utamu.

Kiswahili kilikuwa na neno kwa kila hatua ya maisha haya. Kamusi za zamani zina tindi, hindi ambalo halijakomaa. Bisi, mahindi yaliyokaangwa yakapasuka. Pure, mahindi yaliyochemshwa pamoja na kunde au maharagwe. Gunzi au bunzi, kile kibakicho punje zikiisha. Gunzi lingali hai kila mahali, kwani bado huwasha moto. Bisi zimefufuka kwa kuuzwa katika vifuko. Pure imeachia nafasi makande. Tindi limekaribia kupotea. Mnunuzi wa Nyakato husema mahindi mabichi, na ubichi huo hufunika hatua mbili au tatu ambazo zamani zilitofautishwa. Watunga kamusi wangefanya vyema kuyatafuta maneno ya namna hii uani kabla ya kuyatafuta vitabuni, kwa maana anayejua tofauti ya maziwa na wanga ndani ya punje ndiye ahitajiye majina mawili.

Serikali na miji zimeyatazama mahindi haya kwa macho mawili. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, tangu ukoloni, mimea mirefu karibu na nyumba ilikatazwa, kwa hoja kwamba huficha wahalifu na huzaa mbu wa malaria. Kisha ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ukapunguza chakula nchini, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikawataka hata watu wa mjini walime. Katika njaa hiyo uliletwa unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, nao wananchi wakaupa jina unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi ya klabu ya Dar es Salaam. Ni jina la dhihaka, maana weupe ulikwisha kuwa alama ya chakula cha heshima, na njano ikawa alama ya msaada. Haikusaidia kuelezwa kwamba njano ina vitamini ambayo nyeupe haina. Mwaka 1992 zilitungwa kanuni za kilimo cha mijini zilizokubali kwamba kilimo hicho kipo, zikaweka mpaka wa ekari 3 kwa mtu. Mwanza ikafanywa jiji mwaka 2000, na mihindi ikawa jijini pamoja na wenyewe.

Juu ya mbu, ukweli una pande mbili. Muhindi hauzai mbu, kwa kuwa matone yakaayo katika makwapa ya majani si makazi ya mbu wa malaria. Lakini utafiti uliofanywa Ethiopia miaka ya karibuni ulionyesha kwamba viluwiluwi vya mbu hao walio katika madimbwi hula vumbi la mbelewele lianguyo majini, wakakua upesi na kuwa wakubwa. Basi dimbwi lililo kando ya bustani ndilo la kufukiwa. Wale waliofyeka mihindi na kuliacha dimbwi walishika sehemu ya kosa iliyo rahisi kufyekwa.

Hatari kubwa zaidi kwa zao lenyewe zilitoka kwao Amerika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora waliona mahindi yao ghalani yakigeuka unga kabla ya kusagwa, na mwaka 1981 wataalamu walimtambua mdudu aliyefanya hivyo: dumuzi wa Meksiko na Amerika ya Kati, adui wa muhindi tangu asili, ambaye alikuwa hajaonekana kamwe katika bara hili. Fukusi wa zamani walikula polepole, watu wakawavumilia. Huyu alikula kwa kishindo, akatoboa hata muhogo mkavu na mbao za ghala, watu wakamwita Skania, kwa jina la lori kubwa la Uswidi. Kutokea hapo desturi ya kuhifadhi mahindi yakiwa katika magunzi yake ndani ya kihenge ilipungua, kwa kuwa mdudu huyo hustawi zaidi punje ikiwa imeshikamana na gunzi. Mahindi yakapukuchuliwa mapema, yakatiwa dawa ya unga, yakalala katika magunia chumbani. Mlaji wa mahindi mabichi peke yake hakuguswa na Skania, maana hana cha kuhifadhi.

Safari iliyofuata haikumwacha hata yeye. Mwaka 2017 alitambuliwa nchini Tanzania kiwavi mwingine wa Amerika, ambaye hula muhindi ungali mchanga, akiingia katika moyo wake pale majani yanapojikunja. Kiswahili kilikuwa na viwavijeshi tangu zamani, wale waendao kwa makundi na kutoweka. Kwa huyu, ambaye haondoki, lugha iliongeza neno moja, akaitwa kiwavijeshi vamizi. Katika mashamba makubwa hupigwa dawa. Katika nyua, penye mashina 20 au 30, kuna wanaopita asubuhi shina kwa shina, wakifungua moyo wa kila muhindi kwa vidole na kutia humo chembe za mchanga au majivu ya jiko.